Kesi ya Ngedere Isipelekwe kwa Nyani

Katika mjadala wa eutanasia ya hiari, yaani daktari kukatisha uhai wa mgonjwa kwa ombi la mgonjwa mwenyewe, watetezi wa sheria za kuiruhusu wana neno moja wanalolirudia kila wanakokwenda. Neno hilo ni udhibiti. Huwaambia wabunge na wananchi wenye wasiwasi kwamba hakuna la kuhofia, kwa kuwa kila daktari atatoa taarifa, kila taarifa itapitiwa na kamati ya watu wenye busara, na atakayevunja masharti atafikishwa mbele ya sheria. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua milango ya mabunge ya Ulaya na Amerika, na ndiyo inayopaswa kupimwa. Kama tendo lenyewe ni halali mbele ya Mungu na mbele ya maadili, hilo lina wasemaji wake, nao wataendelea kubishana. Lakini hata mtu anayekubali kwa moyo wote kwamba mgonjwa aliyechoshwa na maumivu ana haki ya kuomba kufa hana budi kujibu swali jingine, jepesi kuuliza na zito kujibu: nani atajua kwamba aliyekufa aliomba kweli, akiwa na akili zake timamu, bila kusukumwa na mtu?

Uzito wa swali hili uko wazi. Karani wa chama cha ushirika akighushi hesabu, mwanachama aliyepunjwa yupo, naye atapiga kelele mpaka mkaguzi aje. Polisi akimpiga raia, raia ataonyesha majeraha yake. Katika jambo hili, mtu pekee mwenye haki ya kulalamika kwamba hakuomba, au kwamba aliomba jana na leo ameghairi, amekwisha kuzikwa. Chombo chochote cha udhibiti kinachoanza kazi baada ya mazishi kinaanza bila shahidi wake mkuu.

Uholanzi ndiyo shule ya mambo haya. Mwaka 1973 mahakama ya Leeuwarden ilimtia hatiani daktari aliyemuua mama yake mgonjwa kwa ombi la mama huyo, ikampa adhabu ya kifungo cha wiki moja, tena kilichoahirishwa. Mwaka 1984 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba daktari aweza kujitetea kuwa alilazimika kuchagua kati ya wajibu mbili. Sheria yenyewe ilipitishwa na Baraza la Seneti tarehe 10 Aprili 2001, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Utaratibu wake ni huu: daktari akikwisha kutenda, humwita daktari mchunguzi wa maiti wa manispaa na kujaza fomu. Fomu hupelekwa kwenye kamati ya mapitio ya mkoa, ambamo wamo mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili. Kamati ikiridhika, shauri limekwisha. Zamani kila jalada lilifika kwa mwendesha mashtaka wa serikali, naye ndiye aliyeamua. Tangu mwaka 2002 huletewa yale tu ambayo kamati imeyatilia dosari.

Sasa na iulizwe: ni nani aliyeandika jalada linalosomwa na kamati? Ni daktari yule yule aliyetenda. Ni kweli kwamba sheria inamtaka daktari wa pili asiyehusika amwone mgonjwa kabla ya tendo na kuandika maoni yake, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini sheria humtaka daktari wa kwanza ashauriane na mwenzake. Haimlazimishi kukubaliana naye. Mwalimu yeyote anaelewa shule zingekuwaje kama mkaguzi wa elimu angeketi wilayani akingoja mwalimu mkuu amwandikie taarifa ya ukaguzi, tena baada ya wanafunzi wote kuhama.

Watetezi hujibu kwa takwimu, na takwimu hizo ni za kweli. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya serikali ya Uholanzi ulionyesha kwamba mwaka 1990 madaktari walitoa taarifa kwa asilimia 18 tu ya vifo vya aina hii. Mwaka 1995 ikawa asilimia 41, mwaka 2001 asilimia 54, na mwaka 2005, sheria ikiwa imekwisha kutungwa, asilimia 80. Kwa hiyo, wanasema, sheria imeyatoa mambo gizani. Maendeleo hayo ni makubwa na hayafai kukanushwa. Bali mtu makini hatatosheka kuhesabu asilimia 80. Atauliza habari za asilimia 20 zilizobaki. Watafiti wa mwaka 2005 waliuliza, na jibu walilopata lingepaswa kuwanyima watunga sheria usingizi: sehemu kubwa ya vifo ambavyo havikutolewa taarifa ni vile ambavyo mgonjwa alipewa mofini na dawa za jamii hiyo, na daktari, ingawa alikusudia kuharakisha kifo, hakukiita eutanasia. Kwake yalikuwa matibabu ya maumivu, akaandika kifo cha kawaida, na cheti kikatoka. Maana yake ni kwamba udhibiti wote unaning'inia kwenye jina ambalo mtendaji analipa tendo lake mwenyewe. Asiyeliita kwa jina lake hakaguliwi.

Wala hilo si la jana. Ripoti ya tume iliyoongozwa na mwendesha mashtaka mkuu Remmelink, iliyotolewa mwaka 1991, ilikadiria kwamba mwaka 1990 vilitokea Uholanzi vifo 2,300 hivi vya eutanasia kwa ombi la mgonjwa, na vingine kama 1,000 ambavyo daktari aliharakisha kwa dawa bila ombi la wazi. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekaribia mno mwisho wao na hawakuweza tena kusema. Hilo lazima lielezwe kwa haki. Lakini serikali ilizipata vipi habari hizo? Hazikutoka kwa mkaguzi, wala polisi, wala mahakama. Zilipatikana kwa sababu madaktari waliahidiwa kwamba majina yao hayatajulikana na kwamba hawatashtakiwa kwa watakayoyasema. Dola ambayo haiwezi kujua yanayotendeka chini ya sheria zake mpaka itoe ahadi ya kutomgusa mtendaji ina takwimu nzuri. Udhibiti haina.

Ubelgiji ilifuata nyayo hizo kwa sheria ya tarehe 28 Mei 2002, na huko ndiko mambo yalikojitokeza bila kificho. Tume ya taifa ya nchi hiyo ina wajumbe 16: madaktari 8, wanasheria 4, na wengine 4 kutoka vyama vinavyoshughulika na wagonjwa wasiopona. Daktari hutuma fomu katika muda wa siku nne za kazi. Chini ya sheria hiyo ilivyotungwa, fomu ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa na majina, nayo ilifungwa na kutiwa lakiri. Nyingine haikuwa na majina, nayo ndiyo iliyosomwa. Sehemu ya majina ilifunguliwa pale tu tume ilipoona shaka. Ili jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka, theluthi mbili ya kura zinatakiwa. Jalada la kwanza kupelekwa lilipelekwa mwaka 2015, yaani mwaka wa kumi na tatu tangu sheria itungwe. Ama katika muda wote huo madaktari wa Ubelgiji hawakukosea hata mara moja, ama kioo walichowekewa hakikuwa kioo.

Mwezi Aprili 2012 mwanamke mmoja wa Ubelgiji, aliyekuwa ameugua sonona kwa miaka mingi, alifishwa kwa ombi lake. Hakuwa na saratani wala ugonjwa mwingine wa mwili wa kumuua. Mwanawe aliarifiwa siku iliyofuata. Alipoanza kuuliza, aligundua kwamba daktari aliyetekeleza tendo hilo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa ile tume ya taifa, na kwamba tume hiyo ndiyo iliyolipitia jalada la mama yake na kuona kila kitu ni shwari. Serikali ilipobanwa ilieleza kwamba kwa desturi mjumbe ambaye jalada lake linajadiliwa hukaa kimya. Hatoki nje, kwa sababu akitoka wenzake watajua kwamba jalada ni lake, na siri ya majina itavunjika! Huo ndio udhibiti uliosifiwa mbele ya mabunge ya dunia: kesi ya ngedere, hakimu nyani, na nyani ameombwa asikohoe.

Mtoto huyo hakukata tamaa. Alikwenda kwa mwendesha mashtaka, ambako uchunguzi wa kwanza ulichukua zaidi ya miaka mitatu na kufungwa bila mashtaka. Akaenda mpaka Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 4 Oktoba 2022 mahakama hiyo iliamua kwamba Ubelgiji ilivunja wajibu wake wa kulinda uhai katika mambo mawili: tume ya udhibiti haikuwa huru, na uchunguzi wa jinai ulicheleweshwa. Ni vizuri kuisoma hukumu hiyo yote na si nusu yake. Mahakama haikusema kwamba sheria ya eutanasia ni batili, wala haikusema kwamba mwanamke yule alifishwa kinyume cha masharti. Ilikubali kwamba nchi inaweza kuliruhusu jambo hili, na hata kwamba inaweza kulikagua baada ya tendo. Lakini iliona kwamba mkaguzi lazima awe mtu mwingine. Kwamba mahakama ya kimataifa ililazimika kuketi ili kutamka jambo ambalo baraza la wazee wa kijiji lisingepoteza nusu saa kulijadili, hiyo ni aibu ambayo haikupigiwa kelele za kutosha.

Hapo pana pia suala la wingi wa kazi. Mwaka 2024 tume ya Ubelgiji ilipokea taarifa 3,991, yaani zaidi ya 330 kwa wastani wa kila mwezi. Uholanzi, mwaka 2023, kamati zilipokea 9,068, na katika hizo zilizoonekana kuwa na dosari ni 5. Nyingi hupitiwa bila kikao kwa kuwa zimeonekana hazina maswali. Afisa yeyote aliyewahi kurundikiwa majalada mezani anajua hatua za ugonjwa huo: kwanza jalada husomwa, halafu hupitiwa, halafu hupigwa muhuri.

Na pale ambapo dosari imeonekana, imekuwaje? Mwaka 2016 nchini Uholanzi mwanamke mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu alifishwa kwa kutegemea maandishi aliyoyaandika alipokuwa na akili zake. Daktari alimtilia dawa ya usingizi katika kahawa bila kumwambia. Wakati wa tendo mgonjwa aliamka akataka kuinuka, na jamaa zake wakamshika mpaka daktari alipomaliza. Kamati ilisema, kwa haki kabisa, kwamba hapo hapakuwa na uangalifu uliotakiwa. Likawa shauri la kwanza la jinai tangu sheria ianze. Mahakama ya The Hague ilimwachia daktari mwezi Septemba 2019, na mwezi Aprili 2020 mahakama ya juu kabisa iliona kwamba uamuzi huo ni sawa. Baada ya hapo, mwaka huo huo wa 2020, kamati zilirekebisha mwongozo wao: daktari halazimiki tena kupata uthibitisho wa mgonjwa asiyejitambua kuhusu saa na namna ya kufa, na anaweza kumpa dawa ya kumtuliza kabla. Tendo lililokuwa dosari mwaka 2016 limepata kifungu cha kulihalalisha. Wanaosema kwamba sheria hizi zina ukuta imara waeleze ni ukuta gani husogea kila mtu anapougonga.

Kanada haikuhitaji hata muda huo. Mahakama yake kuu iliamua mwezi Februari 2015, Bunge likatunga sheria mwezi Juni 2016 kwa wagonjwa ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana mbele, na mwezi Machi 2021 sharti hilo likaondolewa. Mwaka 2024 waliokufa kwa njia hiyo walikuwa 16,499, zaidi ya vifo 5 katika kila 100. Wizara ya Afya ya taifa hukusanya takwimu, lakini kazi ya kukagua imeachiwa majimbo, na kila jimbo lina lake. Mwaka 2022 wizara inayowahudumia wanajeshi wastaafu ilikiri kwamba mtumishi wake alikuwa amewatajia wastaafu zaidi ya mmoja habari za kusaidiwa kufa, nao walikuwa wamefika kuomba msaada wa kuishi. Jambo hilo halikufichuliwa na fomu yoyote. Walifichua wastaafu wenyewe, kwa sababu walikuwa hai. Fomu huuliza kama sahihi zipo na kama siku zimetimia. Mtu aliyekata tamaa kwa kukosa nyumba au mtu wa kumwogesha anaweza kutia sahihi safi kabisa.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria inatumika tangu mwaka 1997, mgonjwa huandikiwa dawa akainywe mwenyewe, na hakuna daktari wala muuguzi anayelazimika kuwapo wakati wa kunywa. Nani alimwekea kikombe mdomoni, hiyo ni habari ya waliokuwamo chumbani.

Wapo watakaosema kwamba hoja zote hizi ni za kuwanyima wagonjwa huruma, na kwamba bila sheria madaktari wangetenda hayo hayo gizani. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, sheria inayomwachia mtendaji ajitangaze mwenyewe haiondoi giza. Humwondolea hofu daktari mwema, ambaye tangu awali hakuwa wa kuogopwa, na humwacha mbaya alipokuwa. Tena wenye hoja hii husahau kwamba njia nyingine ipo na inatumika. Hispania, ambayo sheria yake ilianza tarehe 25 Juni 2021, iliamua kwamba tume ikague kabla ya tendo. Madaktari wawili wakikwisha kukubali, tume ya jimbo huteua wajumbe wawili, daktari na mwanasheria, nao wana siku saba za kusoma jalada la matibabu, na wana uwezo wa kuonana na daktari na kuzungumza na mgonjwa mwenyewe. Jimbo la Victoria nchini Australia, sheria yake ilipoanza tarehe 19 Juni 2019, lilitaka kibali cha serikali kitolewe kabla ya dawa. Taratibu hizi nazo zina matundu yake. Lakini mkaguzi wa Hispania anaweza kumwuliza mgonjwa: je, ni wewe uliyeomba? Mwenzake wa Uholanzi hana wa kumwuliza.

Husemwa kwamba ukaguzi wa mapema unamchelewesha mtu aliye katika uchungu, na mfano hutolewa wa Afrika Kusini. Huko mgonjwa mmoja wa saratani aliiomba mahakama ya Pretoria ruhusa ya kusaidiwa kufa, na tarehe 30 Aprili 2015 akapewa. Kumbe alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wake asubuhi hiyo hiyo, na jaji hakujua. Lakini shauri hilo linafundisha kinyume cha wanachodai. Mahakama ya Rufani ilipotengua amri hiyo mwezi Desemba 2016, ilionyesha jinsi ilivyotolewa haraka haraka juu ya jambo linalohitaji uchunguzi wa kina. Mahakama isiyojua kama mwombaji yu hai ingejuaje kama ameghairi? Tanzania haina sheria ya kuruhusu jambo hili. Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza humhesabu kuwa amesababisha kifo hata yule aliyeharakisha tu kifo cha mtu ambaye ugonjwa wake ungemuua kwa vyovyote. Hata hivyo mjadala umekwisha kuvuka bahari mpaka kusini mwa bara hili, na hoja zake huja zimefungashwa vizuri, neno udhibiti likiwa juu ya kifurushi. Ni wajibu wa msomi wa Kiafrika kukifungua na kutazama kilichomo kabla ya kukisifu.

Mwingereza mwenyewe anahangaika na swali hilo hilo. Muswada uliojadiliwa huko tangu mwaka 2024 uliahidi kwamba kila ombi litaidhinishwa na jaji wa Mahakama Kuu, na ahadi hiyo ilitangazwa kuwa kinga isiyo na mfano duniani. Baada ya kura ya kwanza kushinda, jaji aliondolewa. Mahali pake pakawekwa jopo la watu watatu: mwanasheria, daktari wa magonjwa ya akili na mtumishi wa ustawi wa jamii. Baraza la Makabwela liliupitisha muswada hivyo tarehe 20 Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291. Jopo lingeketi kabla ya tendo na kumsikia mgonjwa, na hapo limewashinda Wabelgiji na Waholanzi. Lakini katika muswada huo mgonjwa akikataliwa anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya; akikubaliwa, mke, mtoto au muuguzi aliyeona ameshinikizwa hakuwekewa mlango wa rufani.